Mtoto mwenye kigugumizi asichaguliwe kazi ya kukaa kimya

Babati. Unapofika wakati wa wanafunzi wa kidato cha nne kuchagua tahasusi, wazazi wengi huangalia alama za mtoto. Mtoto akiwa na kigugumizi, baadhi huangalia kwanza namna anavyoongea. Anayependa sheria huulizwa, "Mahakamani utaongeaje?" Anayetaka ualimu huelekezwa maabara au gereji, eti huko hakuna maneno mengi.

Lakini hakuna kazi isiyo na maneno. Fundi hupatana bei na mteja, dereva wa stendi ya Babati huelewana na abiria, mkulima wa mbaazi hubishana na mnunuzi.

Kigugumizi humpata takriban mtu 1 kati ya 100 duniani. Mara nyingi huanza mtoto akiwa na miaka 2 hadi 5, na wengi huacha wanapokua. Kinahusiana na namna ubongo unavyoratibu usemaji, na huweza kurithiwa katika ukoo. Hakisababishwi na kutekenywa utotoni, wala si dalili ya akili ndogo. Hata kuzungumza Kiiraqw au Kirangi nyumbani na Kiswahili shuleni hakuleti kigugumizi.

Joe Biden alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Alikuwa mwanasheria, kisha seneta, na mwaka 2021 akawa Rais wa Marekani.

Nyumbani, msaada mkubwa ni muda. Msimmalizie mtoto neno, na msimwambie "tulia, vuta pumzi", kwani humwongezea presha. Mtazameni usoni, sikilizeni anachosema, nanyi mpunguze kasi ya kuongea. Mezani kila mtu apewe zamu yake. Ndugu zake wasimwige, hata kwa utani.

Kumtuma mdogo wake dukani kwa sababu yeye "atachelewa kusema" kunamfundisha kujificha. Atumwe kama wenzake.

Mzazi azungumze pia na mwalimu wa darasa: mtoto asomewe zamu yake bila kuharakishwa, na wanaomcheka wakemewe.

Kigugumizi kikizidi miezi 6, au mtoto akikunja uso, kukaza shingo au kukwepa kuongea, apelekwe kituo cha afya. Kwa wakazi wa Babati ipo pia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara. Wataalamu wa tiba ya usemi bado ni wachache nchini, hivyo ni vema kuomba rufaa mapema.

Kijana anayekwenda kwenye usaili anaweza kuanza kwa kusema, "Nina kigugumizi, naomba mnivumilie kidogo." Wengi huona woga ukipungua baada ya kulisema wazi. Afanye mazoezi nyumbani, baba au mama akiwa msaili.

Kabla ya kujaza fomu, mzazi amuulize mtoto anataka kuwa nani. Kisha amwache amalize kujibu.