Toruń na Ngome Iliyovunjwa na Wafanyabiashara

Wengi wanaoijua Toruń wanaijua kwa jina la mtu mmoja, Nicolaus Copernicus, mwanafalaki aliyezaliwa huko tarehe 19 Februari 1473. Mji huu uko kaskazini mwa Polandi, ukingoni mwa Mto Vistula, na sehemu yake kongwe iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997. Warsaw ilibomolewa vibaya katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikajengwa upya, lakini Toruń ilinusurika. Majengo yake mengi, kwa hiyo, ni yale yale ya Enzi za Kati. Lakini mgeni anayepita jengo baada ya jengo akikariri miaka atachoka kabla ya saa sita mchana. Yanaeleweka vizuri zaidi ukijua kwamba karibu yote yanahusu ugomvi mmoja, kati ya wafanyabiashara wa mji na mabwana waliouanzisha.

Mabwana hao walikuwa Watutoni, shirika la Kijerumani la watawa wapiganaji. Ndio walioupa mji hati yake mwaka 1233, na mwaka 1264 wakaanzisha Mji Mpya ubavuni mwa ule wa kwanza, nao ukawa na soko na ukuta wake. Ngome yao ilikuwa katikati ya miji hiyo miwili, wapate kuiona yote. Wafanyabiashara nao wakatajirika. Nafaka na magogo vilishuka kwa mto hadi Bahari ya Baltiki, nguo na chumvi zikapanda, na Toruń ikawa mwanachama wa Hansa, muungano wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya. Mwenye fedha hachelewi kuuliza kodi yake inakwenda wapi. Februari 1454 wenyeji waliasi, wakaiteka ngome, kisha wakaibomoa. Vita vilivyofuata vilichukua miaka 13, vikaisha kwa mkataba uliotiwa saini humo humo Toruń mwaka 1466, na mji ukawa chini ya mfalme wa Polandi.

Basi anzia kwenye magofu. Utaona misingi, vyumba vya chini ya ardhi na mabaki ya kuta zilizofuata umbo la kwato ya farasi. Kilichosalia kikiwa kirefu ni mnara wa choo, unaoitwa gdanisko, uliounganishwa na ngome kwa ujia uliobebwa na matao. Ulijengwa juu ya kijito ili maji yaondoe uchafu. Kwa karne nyingi baada ya uasi, eneo lililobaki liligeuzwa jaa la taka.

Kutoka hapo, fuata ukuta wa mji upande wa mto na usimame karibu nao. Uwanda wa kaskazini mwa Ulaya hauna mawe mengi ya kuchonga. Una udongo wa mfinyanzi, mchanga, na mawe ya mviringo yaliyoachwa na barafu ya kale. Mafundi waliyatumia mawe hayo kwenye misingi, wakapandisha kuta kwa matofali ya kuchoma. Tofali la wakati huo ni kubwa kuliko la leo, urefu wake yapata sentimita 30. Tazama mpangilio: mara nyingi mawili yamelazwa kwa urefu, kisha moja limeonyesha kichwa, halafu mawili tena. Penye vitundu vya mraba vilivyopangana, ndipo miti ya jukwaa la mafundi ilipochomekwa.

Ukuta huo ndio wenye kivutio kinachopigwa picha kuliko vyote, Mnara Ulioinama. Una urefu wa mita 15 hivi, na kilele chake kimetoka nje ya mstari kwa karibu mita moja na nusu. Hadithi ya mjini inasema ni adhabu ya Mtutoni aliyempenda binti wa mfanyabiashara kinyume cha kiapo chake. Sababu yenyewe ni ardhi laini iliyotitia upande mmoja. La kujifunza zaidi liko nyuma yake: hapo mwanzo mnara ulikuwa na kuta tatu tu, na upande wa mjini ulikuwa wazi, ili adui akiuteka asipate pa kujificha mbele ya wenyeji. Ukuta wa nne uliongezwa baadaye sana, mnara ulipogeuzwa makazi. Wageni husimama wakiuegemea, visigino vikigusa ukuta, na kunyoosha mikono mbele. Wengi huanguka mara moja.

Katikati ya soko la Mji Mkongwe kuna Jumba la Halmashauri, lililopata umbo lake kuu mwishoni mwa karne ya 14, wakati Watutoni bado wanatawala. Humo wafanyabiashara waliamua mambo yao, wakahukumu na kuuza. Mfalme Jan Olbracht wa Polandi alifia humo mwaka 1501. Mwaka 1703 mizinga ya Waswidi ililichoma moto, lakini kuta zilistahimili. Leo ni makumbusho, yenye picha ya Copernicus ya karne ya 16 inayonakiliwa sana vitabuni. Panda mnara wake. Ukiwa juu utaitambua miji miwili na pengo lililo kati yake.

Kanisa Kuu la Watakatifu Yohana wawili liko hatua chache kuelekea mtoni. Mnara wake una kengele ya Tuba Dei, iliyosubuliwa mwaka 1500, yenye uzito wa zaidi ya tani 7. Ilikuwa kubwa kuliko zote nchini hadi Kraków ilipopata ya kwake mwaka 1520. Saa ya mnara huo ina mshale mmoja tu na inatazama mtoni, ili walioshusha magogo kwa mto waione.

Nyumba ya familia ya Copernicus, katika mtaa wenye jina lake, ni ya kifanyabiashara: chini biashara, juu ghala la nafaka. Baba yake alikuja kutoka Kraków akiuza shaba. Babu yake mzaa mama, Lucas Watzenrode, alikuwa mpinzani mkubwa wa Watutoni na alikopesha fedha kwa ajili ya vita dhidi yao. Mtoto alizaliwa miaka saba baada ya mkataba, akaenda kusoma Kraków akiwa raia wa mfalme wa Polandi.

Usiondoke bila kuonja piernik, keki ngumu ya asali inayotajwa mjini humu tangu mwaka 1380. Tangawizi, mdalasini na karafuu zake zilifika kutoka Bahari ya Hindi kwa kupitia mikono mingi, na ni mji wa matajiri tu uliozimudu.

Mwisho vuka mto na uutazame mji kutoka ng'ambo. Minara inayoonekana ni ya makanisa walimosali wenyeji na ya halmashauri waliyoijenga wenyewe. Ngome ya Watutoni haimo, na haikuanguka kwa uzee.