KONDOO WA MWITU WARUDISHWA KATIKA KORONGO LA MTO SNAKE

Katika nchi ya Marekani, mahali yanapopakana majimbo ya Idaho, Oregon na Washington, mto Snake umechimba korongo kubwa liitwalo Hells Canyon. Kina chake ni karibu futi 8,000. Katika magenge yake huishi kondoo wa mwitu, ambao madume yao wana pembe nene zilizojipinda. Watu wa kabila la Nez Perce, wenyeji wa nchi hiyo, waliwawinda tangu zamani kwa ajili ya nyama, na kwa pembe zao walitengeneza pinde zenye nguvu.

Walowezi walipoingia katika karne ya 19, waliwapiga risasi pasipo kiasi. Tena walileta makundi makubwa ya kondoo wa kufugwa, waliokula majani yale yale na kuleta magonjwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 hakubaki kondoo wa mwitu hata mmoja katika korongo hilo.

KAZI YA MIAKA 24

Mwaka 1971 kazi ya kuwarudisha ilianza. Kondoo waliokamatwa Jasper, huko Kanada, walifunguliwa upande wa Oregon. Wengine wakafuata, hata kufikia mwaka 1995 jumla yao ilizidi 300. Majani na maji yalikuwapo, na magenge ya kuwakimbilia adui yalikuwapo. Lakini katika majira ya baridi ya 1995 na 1996, homa ya mapafu iliua karibu kondoo 300.

CHANZO CHA UGONJWA

Baada ya uchunguzi mrefu, wataalamu waligundua kijidudu kiitwacho mikoplasma, ambacho hukaa puani mwa kondoo na mbuzi wa kufugwa bila kuwadhuru sana. Kondoo dume wa mwitu akitangatanga na kukutana na kundi la kufugwa, huweza kurudi kwa wenzake na ugonjwa. Wakubwa wengi hufa. Baadhi ya majike wanaopona hubaki na kijidudu hicho, nao huwaambukiza wanakondoo mwaka hata mwaka.

Kwa hiyo kondoo hukamatwa kwa nyavu, hupimwa puani, na wale wasioachwa na kijidudu huondolewa. Katika makundi yaliyotendewa hivyo, wanakondoo wengi zaidi wamekua.

Mwaka 2010 wakuu wa msitu wa serikali wa Payette, Idaho, waliamua kupunguza malisho ya kondoo wa kufugwa kwa karibu asilimia 70. Wafugaji walilalamika, maana riziki yao ilikuwa katika malisho hayo. Lakini hakuna chanjo iliyoweza kuwakinga kondoo wa mwitu. Kinga iliyojulikana ilikuwa kuyatenga makundi hayo mawili.

Kumrudisha mnyama porini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuondoa kile kilichommaliza hapo kwanza. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.