Kimeoga, Hakijavaa

Mtu wa Mombasa akitaka uchachu mezani hutafuta achari ya embe au chatne ya ukwaju. Huku Kericho na Bomet uchachu hutoka kibuyuni: ni mursik, maziwa ambayo Wakipsigis huyalaza ndani ya sotet, kibuyu kilichosagiwa mkaa.

Wakenya wengi huiona kwenye televisheni, mwanariadha akishuka ndegeni na medali, akinyweshwa mbele ya kamera. Mimi nazungumzia ile ya jikoni, ambayo kazi yake kubwa si maziwa. Ni kibuyu.

Jioni moja karibu na Litein nilimkuta kogo mmoja, yaani bibi, ametoka kupeleka majani chai kituoni kupimwa. Maziwa ya asubuhi yalikuwa yamekwenda na gari la ushirika. Ya jioni ndiyo ya nyumbani, na hayo nayo yanagombaniwa na sufuria ya chai. Alikisugua kibuyu kwa maji moto akitumia sosiot, ufito wa ukuti uliopondwa ncha ukawa kama brashi, kisha akakiinamisha kikauke.

"Kogo, sasa tutie maziwa?"

"Bado. Kimeoga tu, hakijavaa."

Nguo yenyewe ni mkaa. Alitia motoni vijiti vikavu vya senetwet, kichaka chenye maua ya manjano. Vilipoiva vikawa makaa mekundu, akavitumbukiza ndani na kuvisaga ukutani kwa sosiot, kibuyu kikizunguka mapajani na moshi ukimtoka kati ya vidole. Kikikwaruza, anasaga tena. Kilipoacha kukwaruza akakipindua, akakipiga kitako kwa kiganja, chenga zilizozidi zikamwagika. Nikachungulia: weusi mtupu, laini.

Mkaa huo ndio unaotia harufu na ile rangi ya kijivu inayomshtua mgeni. Maziwa huchemshwa, yakaachwa yapoe kabisa, ndipo yakatiwa na kifuniko kukazwa. Wengine husubiri siku chache, wengine majuma. Kabla ya kumimina kibuyu hutikiswa, na mursik hunywewa na kimyet, ugali ambao wazee bado wanaupenda wa wimbi.

Siku ya koito, wakwe wanapokuja kuzungumza mahari, mama wa nyumba huwatazama nyuso wanapoonja. Kibuyu kilichooshwa ovyo hakifichiki.

Sifa zisitufumbe macho, lakini. Watafiti wameipima mursik wakakuta asetaldehidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio, ugonjwa unaowafikisha wengi Hospitali ya Tenwek, Bomet. Kwamba mursik ndiyo chanzo haijathibitika. Chai inayonywewa ikiunguza nayo inashukiwa, na hapa ni nchi ya chai.

Mjini Kericho utaipata imetiwa kwenye chupa za plastiki. Nimeinunua mara mbili. Uchachu upo, moshi haupo.

Mkaza mwana wa kogo yule anaishi nyumba za kampuni ya chai na anapikia gesi, na gesi haitoi makaa ya senetwet. Kwa hiyo kibuyu chake hupanda matatu kikiwa kitupu, kimepakatwa na yeyote anayeelekea Litein, kikavishwe kwa mama mkwe. Kogo hukinusa kwanza. Mara nyingi hukiosha upya.