Michezo ya Vyuo Vikuu: Ligi na Mtoano

Mtahiniwa, tuseme unaishi Sombetini, jijini Arusha, na umeichezea shule yako katika UMISSETA. Usidhani michezo ya wanafunzi huishia kidato cha nne. Vyuo vikuu navyo hushindana. Nchini vina chama chao, TUSA. Barani Afrika kuna FASU, na duniani FISU. Mashindano yao huendeshwa kwa mitindo miwili mikuu.

1. Ligi
Kila timu hukutana na kila timu nyingine. Katika soka, ushindi una pointi 3, sare pointi 1, na kufungwa 0. Tuseme vyuo vinne vya Arusha vinaanzisha ligi. Mzunguko mmoja utakuwa na michezo 6 (4 × 3 ÷ 2). Wakicheza nyumbani na ugenini, 12.

Faida: timu ikiteleza leo, ina nafasi ya kujirekebisha.
Hasara: muda na gharama. Kutoka Njiro hadi Makumira ni nauli ya daladala tu, lakini kwenda Mwanza au Dar es Salaam wanafunzi hukosa vipindi, na chuo hulipia usafiri na malazi.

2. Mtoano
Anayefungwa anaaga mashindano. Timu nne huhitaji michezo 3 tu: nusu fainali mbili na fainali.

Faida: humalizika haraka, tena katika kituo kimoja.
Hasara: kosa moja huweza kuitoa timu bora.

Ndiyo maana waandaaji wengi huchanganya: huanza na makundi, kisha mtoano.

Sharti la kushiriki
Mchezaji lazima awe mwanafunzi wa chuo anachokiwakilisha. Kipaji peke yake hakitoshi: kocha hawezi kukupanga ikiwa hukudahiliwa. Suleiman Nyambui, Mtanzania aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alitwaa pia mataji ya vyuo vikuu vya Marekani akikimbilia Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Alikuwa mwanariadha na mwanafunzi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mtihani ulio mbele yako ni sehemu ya safari yako ya michezo.

Maswali ya kujipima
(a) Ligi ya timu 6 ina michezo mingapi katika mzunguko mmoja?
(b) Eleza tofauti mbili kati ya ligi na mtoano.
(c) "Kipaji peke yake hakitoshi." Fafanua kwa kurejelea habari uliyosoma.