Gari la familia lililotumika: lipi linafaa kununuliwa Bujumbura?

Muuzaji akikupa cheti cha ukaguzi, angalia kwanza kilitolewa wapi na lini. Magari mengi ya familia yanayouzwa Bujumbura yametoka Japani, yakashushwa Dar es Salaam, kisha yakasafirishwa zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara hadi kwetu. Cheti cha Japani kinaeleza hali ya gari kabla ya kupanda meli. Yaliyolipata njiani, au baada ya kukimbia hapa mjini mwaka mzima, hayamo.

Kama unaongezewa bei kwa sababu ya cheti, dai pia karatasi ya mnada yenye kilomita. Linganisha namba ya chasisi ya kwenye karatasi na ile iliyogongwa kwenye gari. Zikipishana hata tarakimu moja, ondoka.

Sasa bei. Uliza mapema: gari limeshatolewa forodhani? Lile ambalo bado halijatolewa huonekana rahisi sana, na hapo ndipo wengi huumia. VAT ya 18% haihesabiwi kwenye bei ya gari peke yake. Inajumlisha usafiri, bima ya safari na ushuru wa forodha. Chukua mfano: gari limefika forodhani likiwa na thamani ya faranga milioni 40, likatozwa ushuru wa milioni 10. VAT inapigwa juu ya milioni 50, yaani milioni 9 nyingine. Umeshafika milioni 59 na bado hujawasha injini.

Ongeza kubadilisha jina kwenye carte rose (kadi ya usajili wa gari) huko OBR, mamlaka ya mapato, contrôle technique (ukaguzi wa gari), bima, na fungu la komisioneri, yaani dalali, ambaye mara nyingi anakula kwako na kwa muuzaji pia. Mwambie muuzaji aandike bei moja, kwa faranga, na ataje nani analipa kipi. Bei ya dola ikatae: dola ya benki na dola ya mtaani zimeachana mno, na tofauti hiyo itakuangukia wewe.

Gari kubwa la viti saba linavutia, hasa ukiwa na wazazi wa kupeleka kijijini. Lina nguvu ya kupanda Bugarama likiwa limejaa na halisumbuki na mashimo. Lakini la petroli, lenye injini ya lita 2.7, linaweza kunywa lita 14 kwa kilomita 100, wakati la viti vitano lenye injini ya lita 2.0 linaridhika na kama 10. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, hizo ni lita 40 zaidi, katika mji ambao tumeshalala kwenye foleni za mafuta. Matairi yake nayo ni ghali zaidi.

Haibridi hupunguza mafuta kweli, ila betri ikichoka gharama yake ni nzito, na si kila fundi anaigusa. Mwenye akiba ndogo asijaribu.

Usukani wa kushoto ni salama zaidi kwetu tunaoendesha kulia, hasa unapolipita lori mlimani. Magari hayo ni machache na bei yake iko juu. Kama pesa haitoshi, wa kulia unavumilika kwa anayezunguka mjini tu.

Kabla ya kulipa, tembelea maduka ya spea ya Buyenzi uulize bei ya shokamzoba, bushi na breki za gari hilo. Zikikosekana huko, gari litakaa gereji kusubiri mzigo. Kisha nenda na fundi wako mwenyewe, mpande nalo Kiriri, alitazame chini kama kuna kutu. Magari ya sehemu za theluji huliwa na chumvi ya barabarani.

Kwa familia ya watu watano, chukua la viti vitano, petroli, lita 2.0, giaboksi ya kawaida, lililokwisha kutolewa forodhani, hata likizidi milioni kadhaa. Na avansi usiitoe mpaka uone jina la anayekuuzia kwenye carte rose.