Maandishi madogo kwenye Linux: Usipunguze pikseli, ongeza ukuzaji

MWANAFUNZI wa Chuo Kikuu cha Embu au cha Sayansi na Teknolojia cha Meru anayenunua kipakatalishi cha mitumba, kisha akakiwekea mfumo wa Linux kwa kuwa haulipiwi, huenda akakumbana na kero moja: maandishi madogo mno hata inambidi asogeze uso hadi kwenye skrini.

Kosa si la macho yake. Skrini huundwa kwa nukta ziitwazo pikseli. Ile ya inchi 15.6 yenye pikseli 3,840 kwa 2,160 hubeba takriban 282 katika kila inchi, ilhali programu nyingi zilibuniwa zikikadiria 96. Hivyo, herufi huonekana kwa thuluthi moja tu ya kimo kilichokusudiwa.

Wengi hukimbilia kupunguza idadi ya pikseli. Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto: herufi hukua, lakini hufifia kingo kana kwamba zimefunikwa na ukungu, na macho huzidi kuchoka.

Suluhu ni kuziacha pikseli zilivyo na kuongeza kiwango cha ukuzaji. Katika Ubuntu inayotumia GNOME, fungua 'Settings', kisha 'Displays', na penye 'Scale' uchague asilimia 200. Palipochorwa pikseli moja sasa huchorwa nne, na herufi hubaki wazi.

Hata hivyo, kwa skrini ya inchi 14 yenye pikseli 1,920 kwa 1,080, asilimia 200 huzidi kiasi. Hapo chagua 125 au 150; iwapo hazionekani, washa 'Fractional Scaling', iliyomo katika mipangilio ya Ubuntu tangu toleo la 20.04 la mwaka 2020.

Lakini tahadhari: njia hiyo yaweza kuongezea mashine kazi ya uchoraji, na baadhi ya programu za zamani huonyesha herufi zilizofifia. Kwa mashine dhaifu, nafuu ni 'Large Text' iliyo chini ya 'Accessibility', ambayo hukuza maandishi pekee.

Watumiaji wa Xfce nao wafungue 'Appearance', kisha 'Fonts', wabadilishe DPI kutoka 96 hadi 120, yaani nyongeza ya asilimia 25. Baadaye watoke na kuingia upya.

Aidha, kabla ya kumlipa mwuzaji, mwombe akiwashe kipakatalishi, ukiweke umbali wa mkono na usome ukurasa mzima. Tasnifu huandikwa kwa miezi mingi. Macho ni ya maisha.