Dar hadi Arusha: Simu Inachaguaje Njia?

Dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Arusha hufanya uamuzi wa kwanza akiwa bado mjini: ashike Barabara ya Morogoro au ya Bagamoyo? Akipita Kibaha atafika Chalinze, akate kulia, aelekee Msata. Akipita Bagamoyo, atatokea Msata hiyo hiyo kwa upande wa pili. Kuanzia hapo njia kuu ni moja: Segera, Korogwe, Mombo, Same, Moshi, kisha Arusha. Akiiuliza simu, jibu linakuja kabla hajafunga mkanda, na chimbuko la jibu hilo ni kanuni ya hesabu iliyobuniwa mwaka 1956.

Aliyeibuni ni Mholanzi Edsger Dijkstra, mzaliwa wa Rotterdam. Alikuwa na miaka 26, mtayarishaji programu katika Kituo cha Hisabati cha Amsterdam, ambako kompyuta mpya iliyoitwa ARMAC ilikuwa ikizinduliwa. Alihitaji swali la kuonyesha uwezo wa kompyuta hiyo, swali ambalo hata mgeni asiyejua hisabati angelielewa pamoja na jibu lake. Akachagua hili: ipi ni njia fupi kuliko zote kutoka Rotterdam hadi Groningen? Siku moja akiwa na mchumba wake, wamechoka kuzunguka madukani, waliketi nje ya mgahawa wakanywa kahawa. Hapo hapo, kwa takriban dakika 20, bila kalamu wala karatasi, kanuni ikakamilika kichwani. Baadaye alieleza kwamba kukosa karatasi kulimsaidia: ilimbidi akwepe kila ugumu usio wa lazima.

Ramani aliyoilisha ARMAC ilikuwa na miji 64 tu ya Uholanzi, kwa sababu biti 6 zinatosha kuupa kila mji namba yake. Maelezo ya kanuni yalichapishwa mwaka 1959 katika makala ya kurasa 3. Kazi ya kutayarisha programu ilikuwa ngeni mno wakati huo. Alipofunga ndoa mwaka 1957 na kutaja kwamba kazi yake ni kutayarisha programu za kompyuta, maofisa wa Amsterdam walikataa kuiandika kwa kuwa hawakuitambua, na cheti kikamtaja kuwa mwanafizikia.

Kwa nini kompyuta isipime tu njia zote, kisha ichukue iliyo fupi? Kwa sababu njia huongezeka kwa kasi ya kutisha. Safari yenye njia panda 20 zinazofuatana, kila moja ikiwa na chaguo 2, ina njia 1,048,576. Njia panda zikifika 40, idadi inapita trilioni moja. Na Tanzania, ukihesabu na barabara za vumbi, ina njia panda nyingi kuliko hizo.

Dijkstra aliiendea kwa namna nyingine. Tuianze safari yetu, kwa kilomita za makadirio. Dar ni 0. Majirani zake ni Kibaha, km 40, na Bagamoyo, km 65. Chukua ulio karibu zaidi, Kibaha, uufunge: umbali wake sasa ni wa mwisho. Kutoka hapo Chalinze inapata namba ya muda, 105. Mji unaofuata kwa udogo ni Bagamoyo, nao unafungwa, na kupitia kwake Msata inaandikiwa 130. Kisha inafungwa Chalinze. Kutoka Chalinze, Msata ingekuwa 145, lakini tayari ina 130, kwa hiyo 145 inatupwa. Morogoro inaandikiwa karibu 190, inasubiri zamu yake. Sasa namba ndogo kuliko zote ni ya Msata. Inafungwa, na imeshajulikana kwamba njia fupi ya kuifikia ni ya Bagamoyo. Mchezo unaendelea hivyo hadi Arusha ifungwe.

Uzuri wake uko kwenye uhakika. Mji wenye namba ndogo kuliko zote zilizosalia hauwezi kupata njia fupi zaidi baadaye, kwa kuwa kufika kwake kupitia mji ulio mbali zaidi kutaongeza tu. Lakini hoja hiyo inasimama kwa sharti moja: hakuna barabara yenye gharama iliyo chini ya sifuri. Kwa kilomita sharti hilo halina shida. Kwa gari la umeme lina shida kweli kweli, maana likiteremka kutoka Lushoto hadi Mombo linarudisha chaji kwenye betri, na kipande hicho kinakuwa na gharama hasi. Tiba mojawapo ni kuuhesabu mwinuko wa kila mahali kama akiba ya nishati. Namba hasi zinatoweka na kanuni inafanya kazi kama kawaida.

Ina kasoro moja kubwa: haijui upande. Inatanuka pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Kabla ya kuifikia Arusha, iliyo zaidi ya km 600, itakuwa imeifunga Dodoma, na hata Lindi iliyo kusini kabisa. Mwaka 1968, Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael wa Stanford Research Institute nchini Marekani, waliokuwa wakishughulika na roboti iliyoitwa Shakey, walichapisha marekebisho: kila mahali paongezewe makadirio ya umbali uliobaki hadi mwisho wa safari, kwa mstari ulionyooka. Lindi iko karibu km 450 kutoka Dar, na kutoka Lindi hadi Arusha ni kama km 800 za angani. Jumla inapita 1,200, hivyo haiguswi kabisa.

Mwaka 2008 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, walikwenda mbali zaidi. Waliipanga mapema kila njia panda kwa umuhimu wake na kuweka njia za mkato ndani ya ramani ya kompyuta. Kazi hiyo ikishafanyika mara moja, jibu la safari ya kuvuka Ulaya Magharibi, yenye njia panda zipatazo milioni 18, linapatikana kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Hata hivyo kasi haisemi njia ipi ni bora, na hapa ndipo dereva anapopaswa kuwa makini. Kanuni inajumlisha namba ilizopewa. Ukiipa kilomita, italeta njia fupi; ukiipa dakika, italeta ya haraka. Barabara ya Chalinze inabeba malori yanayotoka bandarini kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, na lori moja zito mlimani linatosha kubadili hesabu ya saa nzima. Daraja la zamani la Wami kwenye njia hii ya Arusha, lililopitisha magari ya upande mmoja kwa zamu, halikuongeza hata mita moja kwenye safari, lakini liliongeza dakika. Mvua nayo ikikata barabara kati ya Mombo na Same, kipande hicho kinafutwa kwenye hesabu, na njia ya lami inayozunguka kupitia Dodoma, Kondoa na Babati, iliyo ndefu kwa zaidi ya km 200, ndiyo inayokuwa sahihi.

Lakini lazima kwanza mtu aiingize habari hiyo kwenye ramani. Kazi hii haipewi heshima inayostahili. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu, wakashirikiana na wakazi kuchora mitaa, vichochoro na mitaro katika kata zinazokumbwa na mafuriko. Walichokichora kiliwekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bure kutengenezea programu ya kutafuta njia.